Škoda 130 RS ya kuweka kabatini: ununue ipi?

Mwaka 1977, Škoda 130 RS ya Czechoslovakia, yenye injini ya cc 1289 iliyokaa nyuma, ilishinda daraja la cc 1300 katika Rali ya Monte Carlo, ikiendeshwa na Václav Blahna huku Lubislav Hlávka akisoma njia. Gari lenyewe limebaki kwa wakusanyaji wachache. Modeli ndogo inapatikana, ila si kila moja inafaa.

1. Metali, 1:43 (ndogo mara 43 kuliko gari halisi), iliyokamilika. Anza na hii. Ina urefu wa sentimita 9 hadi 10. Abrex ya Cheki ni jina la kutafuta. Itazame kwa ubavu: 130 RS halisi ina bodi iliyopanuliwa juu ya magurudumu na inalala chini, kwa hiyo modeli iliyonyanyuka imeharibu umbo zima. Linganisha namba na stika na picha za mbio husika, maana gari la rali na la uwanjani hayakupambwa sawa.

2. Karatasi. Wacheki ni mabingwa wa kazi hii, na jarida lao la vijana, ABC, limeilea tangu 1957. Ukipata mchoro wa kuchapa, tumia karatasi ya gramu 160 hadi 200 kwa mita ya mraba. Kwaruza mistari ya mikunjo kwa ncha butu kabla ya kukunja. Gundi nyeupe iwe kidogo sana, kwani maji yake huvimbisha karatasi na paa la gari hupinda. Kingo nyeupe zilizokatwa zipake rangi kabla ya kubandika.

3. Resini (plastiki ngumu ya kumiminwa kwenye kalibu) ya kuunganisha, 1:43. Inaweza kutoa maelezo mazuri kuliko zote, lakini si ya mwanzo. Osha vipande kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu. Mafuta ya kalibu yakibaki, rangi itabanduka. Kipande kilichopinda kiloweke kwenye maji ya moto, kinyooshe, kisha kitie kwenye maji baridi. Piga msasa ukiwa umevaa barakoa, na kipande kikiwa kimelowa: vumbi lake ni baya kwa mapafu. Stika zake huloweshwa kabla ya kubandikwa, na za zamani hupasuka zikiingia majini, kwa hiyo zipulizie vanishi kwanza.

4. Metali kuukuu, iliyotumika. Omba picha ya chini ya gari. Nyufa nyembamba na rangi iliyovimba ni dalili za aloi ya zinki iliyochanganyika na metali ya risasi: inaoza kutoka ndani, unyevunyevu huiharakisha, na hakuna tiba. Matairi laini nayo huweza kuyeyusha plastiki inayoyagusa. Bei ikiwa nusu ya mpya, bado iache.