Kengele ya moshi: ya ioni au ya mwanga?

Anayenunua kengele ya moshi kwa ajili ya nyumba hukutana na aina mbili zinazofanana kwa sura tu. Ile ya ioni, ambayo ndani yake mna kiasi kidogo sana cha amerisiamu-241, elementi yenye mionzi, huwahi kulia pale moto unapolipuka kwa ndimi, kama karatasi au mafuta yanaposhika. Ile ya mwanga, inayotambua moshi unapotawanya miale ndani yake, huwahi moto unaofukuta, kwa mfano godoro la sponji lililoangukiwa na kipande cha sigara watu wakiwa wamelala.

Kwa vyumba vya kulala napendekeza ya mwanga bila kusita, hasa kwa kuwa ya ioni hulia ovyo karibu na jikoni, na mwenye nyumba aliyechoshwa huishia kuitoa betri. Zote hufungwa darini, hujaribiwa kila mwezi na hubadilishwa baada ya miaka 10.

Wala hakuna kati yake inayotambua kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu itokayo kwenye gesi au mkaa unaoungua: penye hita ya gesi panahitaji kengele yake ya pekee, na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani hata kengele hiyo ikiwepo.