TAHADHARI: Muuza "dawa ya presha" karibu na soko la Mwanga, Kigoma

Ndugu zangu wa Kigoma, hasa wenye wazazi wanaotumia dawa za presha, naomba msome hili mpaka mwisho.

Kuna bwana wa makamo, huvaa koti jeupe kama la daktari, alikuwa anapanga chupa zake chini ya mwembe karibu na soko la Mwanga. Ni chupa za maji ya dukani zilizokwisha tumika, vifuniko vyekundu, ndani kuna maji ya kahawia yenye mashapo. Moja shilingi 15,000, na dozi ni chupa tatu. Mama mkubwa wangu alinunua zote tatu.

Kilichomshika ni mashine. Mteja anapimwa ndiyo kwanza anafika, jua la saa saba, kikapu cha migebuka mkononi, bado anahema. Mashine inasoma 172. Anapewa kikombe, anakalishwa kwenye kigoda kivulini, anapigishwa soga robo saa, anapimwa tena: 148. Waliosimama pale wanashangilia. Lakini mtu aliyetoka juani na mzigo ukimpumzisha kivulini presha yake hushuka hata ukimpa maji ya mtungini. Ndiyo maana kliniki wanakuambia ukae kimya dakika 5 kabla hawajakufunga ule mkanda.

La pili ndilo lililotaka kutuulia mama. Yule bwana alimwambia aache vidonge vya hospitali, eti "vinagombana na mizizi". Mama mkubwa anatumia amlodipini. Kesho yake akarudi kupimwa, presha iko vizuri, akamsifia yule bwana mtaa mzima. Nesi ndiye aliyekuja kunifumbua macho: amlodipini haiishi mwilini kwa siku moja, ukiiacha huendelea kufanya kazi siku kadhaa. Kazi ilikuwa ya kidonge, sifa ikachukua chupa.

Wiki ya pili kisogo kikaanza kumgonga, akawa anaona vimulimuli. Asubuhi moja akashindwa kufunga khanga. Vidole vya kushoto havishiki. Tulipomfikisha alipimwa 204 kwa 118. Namshukuru Mungu mkono umerudi, ila kikombe cha chai bado anakishika kwa mikono miwili.

Sisemi mitishamba haina kitu, na sitaki mtu aje hapa kuwatukana waganga wetu. Reserpini, dawa ya presha iliyotumika sana hospitalini zamani, ilipatikana mwaka 1952 kwenye mizizi ya Rauvolfia, mti ambao Wahindi waliutumia kwa karne nyingi. Hata choya, yale maua mekundu ya kinywaji, imejaribiwa Marekani, matokeo yakatoka 2010: watu 65, wiki 6, nusu wanakunywa vikombe 3 vya choya kwa siku, nusu wanapewa kinywaji cha kuigiza ladha yake. Wa choya namba ya juu ya presha ilishuka kama alama 7, wenzao alama 1 hivi. Nao walikuwa watu wenye presha iliyopanda kidogo tu, si ya 170. Huko ndiko kupima. Robo saa kwenye kigoda si kupima.

Yule muuzaji ana pia karatasi yenye mhuri, kaibandika plastiki: "IMEPIMWA MAABARA". Nilimuuliza namba ya usajili ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, yake na ya dawa. Akasema iko njiani, akaanza kukunja turubai. Na hata kama maabara wangesema haina sumu, hiyo haimaanishi kwamba inashusha presha.

Tangu Jumamosi hayupo pale mwembeni, nasikia kaonekana Ujiji. Kama mzee wako ameshanunua, usimgombeze, ataficha. Mrudishe kwenye vidonge vyake kwa ushauri wa kliniki, leo si kesho, na mbebe na chupa yenyewe waione. Akilalamika kichwa kikali, mdomo ukipinda au mkono ukilegea, msingoje kupambazuke.