Hita ya Sola ya Lita 150 katika Baridi ya Nakuru

Ingawa Nakuru iko karibu kabisa na ikweta, mji huu umejengwa kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji ya mfereji asubuhi ya mwezi wa Julai hayaogeki. Nyumba nyingi za Lanet na Kiamunyi hutegemea shawa ya umeme. Shawa ya wati 5,000, watu watano wakiioga kwa dakika kumi kila mmoja, hula zaidi ya uniti 4 kwa siku. Kwa mwezi, shawa peke yake humvusha mteja kwenye kiwango cha uniti 100, ambapo kila uniti hutozwa bei ya juu zaidi.

Hita tuliyoifunga ni ya mirija ya vioo, yenye tangi la lita 150 juu ya mirija hiyo. Haina pampu: maji yaliyopata joto hupanda tangini yenyewe, nayo ya baridi yakashuka kuchukua nafasi yake. Kila mrija una kuta mbili zilizoondolewa hewa katikati, kama chupa ya chai, kwa hiyo upepo wa Menengai hauyapozi maji jinsi unavyofanya kwenye hita za bapa. Siku ya jua, kufikia saa kumi alasiri maji huwa ya moto kiasi cha kuhitaji kuchanganywa. Kupandisha lita 150 kutoka nyuzijoto 18 hadi 55 kwa umeme kungekula zaidi ya uniti 6, hivyo kwa upande wa mtambo wenyewe sina la kulalamikia.

Lalamiko langu ni la ufungaji. Fundi aliyeletwa na duka, ambalo sitalitaja, aliunganisha elementi ya akiba moja kwa moja na umeme, bila swichi ya saa. Matokeo yake elementi ilichemsha maji usiku kucha, na jua lilipochomoza likakuta tangi limekwisha kupata joto. Tulikuwa na sola juu ya paa huku tokeni zikiisha vilevile. Elementi hiyo inafaa kuwashwa jioni tu, baada ya siku ya mawingu. Bomba la kushuka bafuni nalo liliachwa wazi bila kuvikwa sponji. Mita 12 za bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 20 hubeba karibu lita 4, na lita hizo humwagwa kila mara mtu anaposubiri maji ya moto, jambo linalouma zaidi katika mji wenye mgao wa maji.

Mgao huo una hatari nyingine ambayo wauzaji hawaielezi. Tangi likikauka mchana, mirija huungua jua ikiwa mitupu, na maji ya baridi yakirudi ghafla huweza kuipasua. Mfereji ukikatika, funga koki ya kuingiza maji kwenye hita, uifungue usiku au alfajiri. Mrija uliopasuka hubadilishwa peke yake.

Bei ya mtambo ni mara nyingi ya ile ya shawa, kwa hiyo anayeishi peke yake atangoja miaka mingi kabla ya kurudisha fedha zake. Familia kubwa yenye paa lake itafaidika, hasa ikizoea kuoga jioni, mradi swichi ya saa na sponji ya bomba viandikwe kwenye risiti kabla fundi hajapanda ngazi.