Timu ya tiba shufaa hospitalini: uzoefu wangu wa kumuuguza baba

Mwaka jana nilimuuguza baba yangu, aliyekuwa na saratani ya umio, katika hospitali moja ya rufaa kaskazini mwa Tanzania, na ninaandika kuhusu timu ya tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa mwenye maradhi mazito, iliyomhudumia kwa sababu familia nyingi hukaa wodini majuma kadhaa bila kujua kwamba huduma hiyo ipo.

Siku ya kwanza muuguzi wa timu hiyo alimwamkia baba, akavuta kiti, akamweleza kwamba ngumi iliyofumbwa maana yake hana maumivu na vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika, kisha akanyamaza kumsubiri. Baba, ambaye kwa siku kumi alikuwa akituambia "naendelea vizuri, wanangu", aliinua vidole vinne.

Alianzishiwa mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, ya maji, iliyomfaa zaidi kwa kuwa vidonge havikupita tena kooni. Dada yangu alifundishwa kuipima kwa bomba la sindano saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane na saa kumi na mbili jioni, kisha saa nne usiku dozi mbili kwa pamoja ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane. Tukapewa pia dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga tumbo. Shangazi alihofu kwamba dawa hiyo ingemmaliza kaka yake upesi, na mfamasia alikaa naye karibu nusu saa akimweleza kwamba ikitolewa kwa kipimo sahihi haiharakishi kifo. Siku ya tatu baba alionyesha kidole kimoja, akaomba uji.

Lawama yangu kubwa ni kwamba tulifikishwa kwao majuma sita baada ya majibu ya vipimo, pale tulipoambiwa kwamba hakuna tena la kufanya, ilhali tiba hii hupaswa kwenda sambamba na matibabu mengine tangu mwanzo. Mwaka 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio la kuiingiza katika mfumo mzima wa afya, lakini kwetu ilibaki mlango wa mwisho wa korido.

Tena timu haikufanya kazi mwisho wa juma. Jumamosi moja chupa ilikwisha, daktari wa kutuandikia nyingine hakupatikana, na baba alirudi kwenye vidole vinne hadi Jumatatu. Uganda iliruhusu tangu mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu waandike mofini, na usiku ule niliiona thamani ya uamuzi huo.

Hata hivyo, ninaipendekeza huduma hii bila kusita. Mwenye mgonjwa aiulizie siku ileile anapopokea majibu, na kila Ijumaa aikague chupa kabla ofisi hazijafungwa.