Kuba ya akriliki ya inchi 8: kwa skrini kubwa inafaa, ila usiielekeze juani

Wapiga picha wa chini ya maji tunabishana usiku kucha kuhusu kamera, wakati kinachoamua sura ya matumbawe ukumbini ni kile kipande cha plastiki kilicho mbele ya lenzi. Mimi natumia kuba, yaani kifuniko angavu kilichobinuka kama nusu ya mpira, ya akriliki (aina ya plastiki) ya inchi 8. Watengenezaji ni wengi na kuba zao zinashabihiana sana, kwa hiyo nitakayosema yanaihusu aina hii nzima.

Kioo bapa sikitaki kwa picha pana. Maji hukuza kila kitu kwa karibu theluthi moja, lenzi pana inageuka kuwa ya kawaida, na kwenye kingo za fremu rangi zinaachana: pezi la samaki linapata ukosi wa bluu upande huu na mwekundu upande ule. Kuba inakurudishia upana wako. Ina ujanja wake lakini. Hata mwamba ulio mbali kabisa, lenzi inauona kama uko kiasi cha sentimita 30 tu mbele ya kuba. Lenzi isiyoweza kufokasi karibu haina kazi hapa, hata ingekuwa ya bei ya kutisha.

Tena taswira hiyo imejipinda, haikunyooka. Ndiyo maana katikati pako safi na pembeni panalegea. Kwenye kiskrini cha kamera huoni kitu, unajisifu. Picha ile ile ikitandazwa kwenye ukuta wa sinema, matawi ya matumbawe ya pembeni yanakuwa uji. Kwa kuba hii nafunga upenyo (tundu la lenzi linalopitisha mwanga; namba ya f ikikua, tundu linapungua) hadi f/8, na mwamba ukijaa fremu nzima nafika f/11. Hapo pembe zinatulia kiasi cha kumridhisha mtazamaji aliyekaa safu za mbele. Kwenye f/4 usijaribu, labda kama pembeni kuna maji matupu ya bluu. Kuba ndogo za inchi 4 ni nyepesi na zinabebeka vizuri, ila kasoro hii inazidi kwao. Za kusafiria sawa, za sinema hapana.

Gharama ya kufunga upenyo ni mwanga. Mita chache tu chini, wekundu wa jua umeshamezwa na maji, na taa zako zinaurudisha kwa mita moja au mbili tu. Kwa hiyo unakaribia. Na ukikaribia ndipo ukubwa wa kuba unapokuwa kero. Nilimlenga pono aliyekuwa akila: domo lile la meno yaliyoungana linagonga jiwe, kah, vumbi linatimka, anasogea, anagonga tena, na nyuma yake unashuka uzi wa mchanga mweupe, maana koo lake linasaga matumbawe kama unga. Kwa picha hiyo kuba ilinipa pono mzima pamoja na mwamba wote nyuma yake, kitu ambacho lenzi ya kukuza haikupi. Lakini taa ilibidi nizipeleke mbali pembeni, la sivyo kuba yenyewe inatia kivuli usoni mwa samaki. Samaki mkunga aliyejibanza kwenye ufa? Msahau, kuba haiingii.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji: hewa iliyomo. Ndani ya kuba hii kuna kama lita 2 za hewa, maana yake mbele ya kamera kuna kilo 2 zinazovuta kwenda juu. Kifundo cha mkono kinakuwa kinapigana na pua ya kamera muda wote, na mtikisiko mdogo unaovumilika kwenye simu unamtia mtazamaji kichefuchefu kwenye skrini ya mita nyingi. Funga vipande vizito vya madini ya risasi chini ya kuba mpaka kamera ukiiachia inabaki ilipo. Kuba za kioo zina uzito wake, hivyo tatizo hili ni dogo kwao.

Michubuko inawatisha wengi bila sababu. Akriliki inachubuka haraka, kweli, ila maji yanajaza mikwaruzo ya nje na picha haioni kitu. Ikizidi unaisugua kwa msasa laini na kuing'arisha. Kioo kikichubuka ununue kingine. Shida ni pale unapopiga ukitazama jua: kila mkwaruzo unawaka. Kama filamu yako imejaa picha za kasa wakipita chini ya jua, jikaze ununue kioo. Hata kwa zile picha za nusu maji nusu hewa kioo kinashinda, kwa sababu matone hayakigandi. Kwenye akriliki natema mate, nazamisha, nainua, napiga kabla utando wa maji haujakatika.

Maandishi meupe yaliyo kwenye mdomo wa lenzi yazibe kwa utepe mweusi, vinginevyo yataelea juu ya matumbawe yako yakisomeka vizuri kabisa. Oringi, ile pete ya mpira inayozuia maji, iwe safi, na ile pampu ya kufyonza hewa kwenye kasha la kamera ili kujua kama linavuja itumie kabla ya kuingia majini, hilo halina mjadala.

Kifuniko laini kinachokuja na kuba nacho kioshe kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni. Chembe za mchanga zikinasa humo, zinaichora kuba kuliko mwamba wowote utakaougusa.