Nimeitazama Stree mara tatu: uzoefu wangu kama fundi cherehani

Nashona nguo Ngamiani, Tanga, huu mwaka wa kumi na moja, na kama wengi wa mji huu nimekulia kwenye picha za Kihindi. Lakini Stree ndiyo ya kwanza kunifanya niisimamishe ili niangalie mikono ya mtu.

Vicky, kijana anayeigizwa na Rajkummar Rao, ni fundi cherehani wa mji mdogo. Mteja akiingia, yeye humtazama mara moja tu, juu mpaka chini, akamtajia vipimo vyake bila kugusa futi. Nilicheka mpaka wanafunzi wangu wakageuka. Kila fundi anajua kwamba jicho hutangulia kupima, ila nani atathubutu kutia mkasi kwenye kitambaa cha watu kwa jicho peke yake? Huyu anathubutu. Na lehenga, ile sketi pana ya Kihindi yenye marinda chungu nzima, anaimaliza kwa kama nusu saa. Hilo ni la sinema. Lakini namna anavyoipenda kazi huku akiionea haya, akijiona anastahili makubwa kuliko cherehani ya baba yake, hilo ni la kweli kabisa, nimeliona kwa vijana wangu dukani. Watu wa mji wanamsifu kwamba yeye ndiye Manish Malhotra wao, kwa jina la mbunifu mkubwa wa mavazi wa India, naye sifa hiyo inamwingia.

Filamu ilitoka tarehe 31 Agosti 2018. Muongozaji ni Amar Kaushik, na ndiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza kuongoza. Kisa chenyewe kinatokea Chanderi, mji wa kweli katika jimbo la Madhya Pradesh, unaosifika kwa sari zinazofumwa huko kwa hariri na pamba. Kitambaa hicho nimewahi kukishika. Mteja aliniletea mtandio aliozawadiwa, niukunje pindo. Ni chepesi, ukikiinua unaona mwanga upande wa pili, na usipokibana kwa pini kinakukimbia mkasini. Mji wenye kitambaa kama kile, ukanipa shujaa ambaye ni fundi wa nguo, tayari mmenipata.

Sasa mzuka. Kila mwaka, zikifika siku nne za ibada, hutoka usiku mzuka wa kike. Hana jina zaidi ya Stree, yaani mwanamke. Humwita mwanamume kwa jina lake, na anayegeuka amekwisha. Anachukuliwa yeye, nguo zake zinabaki chini. Wengine labda wataogopa ile sura yake na ule msuko mrefu. Mimi kilichonitia baridi ni suruali na shati vilivyolala barabarani, vifungo vimefungwa, mwenyewe hayumo. Nguo ya mtu naijua kwa namna inavyomkaa, na kuiona tupu hivyo ni kuona kifo.

Kinga yao ni kuandika ukutani kwa rangi nyekundu: "Ewe mwanamke, njoo kesho." Naye anasoma, anatii, anaondoka. Kesho yake anarudi, anasoma tena, anaondoka tena. Jambo hili halikutoka hewani. Miaka ya 1990 kule Karnataka, kusini mwa India, ilivuma habari ya mzuka unaobisha hodi usiku kwa sauti ya mtu unayemfahamu, na watu wakaandika milangoni "Nale Ba", Kikannada cha njoo kesho. Waandishi Raj na D.K. walilichukua hilo wakalihamishia kaskazini.

Nani kwetu hajaonywa hivyo? Bibi alitulea kwa sharti moja: usiku ukiitwa, usiitike mara ya kwanza, wala ya pili. Na mama mdogo anayeishi Unguja hutusimulia hofu ya Popobawa ya mwaka 1995, wanaume wazima wakilala nje kwa makundi, moto umewashwa katikati, hakuna anayetaka kurudi chumbani. Kwa hiyo wanaume wa Chanderi nilipowaona wamejifungia ndani kabla giza halijaingia, sikuhitaji kuelezwa.

Na hapo ndipo ulipo moyo wa filamu hii, ndiyo maana naisifu bila kusita. Mji mzima umepinduliwa. Wake wanajiandaa kwenda kwenye ibada usiku, wametulia, wamependeza. Mume mmoja anabaki mlangoni akimsihi mkewe awahi kurudi kwa sababu anaogopa kukaa peke yake. Tukio lenyewe ni fupi mno, na ukumbi wote ungecheka. Mimi nilicheka, halafu nikanyamaza. Nafunga duka saa mbili usiku, na kwa miaka yote hii mdogo wangu wa kiume hunifuata ili tuongozane. Sijawahi kumwona mwanamume barabarani kwetu akiharakisha hatua kwa sababu amesikia nyayo nyuma yake. Stree inakuonyesha hao wanaoharakisha, na baadaye inawavisha sari kabisa ili wajinusuru, bila kukuhubiria hata kidogo.

Vichekesho vyake viko kwenye maneno. Pankaj Tripathi ni Rudra, mwenye duka la vitabu anayejua habari zote za mzuka, na anazisema kwa utulivu wa mwalimu anayesoma mahudhurio. Anaeleza kwamba huyu ni mzuka mwenye elimu na adabu: hamlazimishi mtu, humwita na kusubiri ageuke mwenyewe, yaani anaomba ridhaa, jambo ambalo wanaume hawalifanyi. Majina ya watu atayakosaje, na kila mtu ana Aadhaar, ile namba ya kitambulisho cha taifa ya India? Rafiki zake Vicky, yaani Bittu wa Aparshakti Khurana na Jana wa Abhishek Banerjee, wanamjaza hofu kila hatua. Uso wa Jana peke yake unatosha.

Mapenzi nayo yamo, ila yana mashaka. Shraddha Kapoor ni mwanamke asiyetajwa jina, anayefika mjini siku za ibada tu, hana simu, hekaluni haingii. Anamwomba Vicky amshonee lehenga, kisha anamtuma akamnunulie vitu vya ajabu ambavyo mtu mwenye akili timamu angeuliza ni vya nini. Vicky haulizi. Amependa. Rafiki zake wanaona mzuka, yeye anaona mchumba, na wewe mtazamaji unayumba katikati mpaka mwisho.

Ushauri wangu wa dhati: itazame kwa sauti yake ya Kihindi, na maandishi chini. Mara ya kwanza niliiona kwenye nakala iliyotafsiriwa kwa sauti, nikachukia. Mtafsiri alizungumza juu ya kila ukimya, na kwenye filamu ya kutisha ukimya ndio kazi yenyewe. Rudra anapomaliza sentensi yake na kungoja, mtafsiri alikuwa ameshatia kichekesho chake. Nilipoirudia ilivyo, niliona kama filamu nyingine. Ni saa mbili na dakika chache, haichoshi.

Kasoro zipo mbili. Kuna wimbo wa dansi wa Nora Fatehi ambao kamera inautazama mwili wake kwa jicho lilelile ambalo kisa kizima kinalilaumu. Wimbo ni mtamu, nauimba hata nikiwa kwenye cherehani, lakini mahali pale unaniudhi kila mara. Ya pili ni mwisho. (Kama hujaiona, ruka aya hii.) Wanamshinda Stree kwa kumkata msuko, halafu yule mwanamke asiye na jina anapanda basi na kuuunganisha msuko ule na nywele zake, na hatuambiwi yeye ni nani. Wapo wanaolipenda fumbo hilo. Mimi naona walikuwa wanabakiza kitambaa cha kushonea filamu ya pili. Ila la ukutani nimewasamehe nalo yote: mwaka unaofuata maandishi yamebadilika, sasa wanamwomba Stree awalinde.

Hiyo ya pili ilitoka 15 Agosti 2024 na ikajaza kumbi India nzima. Humo kuna kiumbe asiye na kichwa anayechukua wanawake wenye fikra za kisasa. Ina makelele na maajabu mengi ya kompyuta, tulicheka sana, lakini cherehani karibu haionekani. Anza na hii ya kwanza.

Mara ya tatu niliitazama nyumbani kwa bibi. Maandishi yale hawezi kuyasoma, kwa hiyo alikaa pembeni akipepeta mchele, akatazama kidogo kidogo. Hakuniuliza kama mzuka unaua, wala kama fundi anampata mchumba. Aliuliza, "Walimfanya nini huyo mwanamke?" Nikamwambia: alikuwa kahaba, wanaume wa mji mzima walimtaka, akampata mmoja aliyempenda kweli, na usiku wa harusi wakawaua wote wawili. Bibi akaweka ungo chini, akaniambia niirudishe mwanzo, nimtafsirie neno kwa neno.