Kula nje Mbeya: kila chungu na saa yake

Ukiingia mgahawani Mbeya saa 9 alasiri ukaagiza ndizi nyama, umeshakosea kabla mhudumu hajafika jikoni. Ndizi hizo zilikuwa tamu saa 6 mchana. Sasa zimepashwa mara mbili, mchuzi umekauka, na kwenye sufuria imebaki mifupa. Mpishi hastahili lawama yote. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huku maji yanachemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, siyo 100. Chochote cha kuchemshwa kinakaa motoni muda mrefu kuliko Dar es Salaam, na kikishaiva kinapoa haraka, hasa Juni hadi Agosti. Mpishi anayelijua hilo anainjika mapema, na chakula chake kina saa yake maalumu. Asiyelijua anakuletea maharage yanayogonga meno. Ndiyo maana hapa hatutoi nyota kwa viti wala taa. Swali ni moja: ukifika chungu kinapoiva, unapata nini?

Asubuhi ni supu. Vibanda vya kuzunguka Mwanjelwa, Kabwe na Soweto huanza kupakua kukiwa bado na giza, na dirisha zuri ni saa 12 na nusu hadi saa 2. Agiza kongoro kwanza, mbuzi baadaye. Kongoro ndiyo inayomfichua mpishi, kwa sababu haiwezi kuharakishwa: kwa mwinuko huu inataka kukaa kwenye mkaa usiku kucha, au angalau kutoka saa 5 usiku. Dalili ya kongoro iliyoiva ni ndogo tu. Gusa kano kwa ubavu wa kijiko. Ikiachia mfupa bila kuvutwa, na midomo ikanata baada ya vijiko vitatu, umefika penyewe. Ikiteleza na kurudi kama mpira, imetolewa mapema, kunywa mchuzi uondoke. Baada ya saa 3 vibanda vingi huongeza maji na chumvi ili sufuria ifike saa 5. Utaijua kwa rangi: mchuzi uliokuwa na ukungu wa maziwa unakuwa mwepesi, na mafuta yanaelea kwa matone makubwa yaliyojitenga. Chapati iwe ya kutoka kwenye kikaango muda huo. Ya jana inapashwa kwa mafuta mengi na inaacha doa pana kwenye karatasi. Ndimu ikamulie kwenye bakuli lako mwenyewe. Supu iliyotiwa ndimu sufuriani mara nyingi inaficha harufu.

Mchana mwachie mama lishe. Kwa wali na maharage, bufee za hoteli kubwa hazimfikii, na sababu ni ya kiufundi. Bufee hupika saa 4 na kuweka chakula juu ya maji ya moto hadi saa 9, wali unatoa jasho na kushikamana. Mama lishe anapika sufuria mbili au tatu za wastani, anapalia makaa juu ya mfuniko, na ya kwanza ikiisha ya pili inaivia. Ukifika kati ya saa 6 na saa 7 na nusu unapata wali uliofunuliwa sasa hivi. Amkia kwanza, kisha uliza bila aibu: “Shikamoo mama. Huu ni wa sufuria ya ngapi?” Akijibu kwamba mwingine bado umepaliwa, subiri dakika kumi. Na omba ukoko. Wengi huutoa bure kwa anayeuliza.

Kila kibanda kitakuambia mchele wake ni wa Kyela. Siyo kweli, na wala siyo dhambi kubwa, kwani mchele wa Mbarali nao una wateja wake. Ila bei ikiwa ya Kyela, kilichomo sahanini nacho kiwe cha Kyela. Mchele wa Kyela hunukia tangu mvuke wa kwanza, kabla haujaona sahani. Punje yake ni laini, na ukipoa unashikana kidogo bila kuwa uji. Sehemu kubwa ya unaotoka kwenye skimu za umwagiliaji za Mbarali ni SARO 5, ambayo kitaalamu ni TXD 306: mbegu yenye mavuno mengi, punje ndefu, inayochambuka vizuri, harufu yake ya wastani tu. Wauzaji huchanganya. Mchanganyiko unaonekana sahanini kwa punje zilizoiva kwa viwango viwili, nyingine laini, nyingine zina kiini kigumu katikati, kwa sababu hazinywi maji sawa.

Kuna kosa jingine la msimu. Baada ya mavuno, kuanzia Juni, mchele mpya unaingia sokoni ukiwa bado na unyevu. Mpishi aliyezoea vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha mchele wa zamani akiendelea na kipimo hicho hicho, wali unakuwa bokoboko. Mchele mpya unatosha kikombe kimoja na nusu, wakati mwingine pungufu. Ukikuta bokoboko mwezi wa 7 usikihame kibanda. Mwambie mama kwa adabu, kesho yake atapunguza. Ukikuta bokoboko mwezi wa 2, hama.

Maharage ndiyo mtihani wa pili. Ya njano huiva upesi kuliko mekundu, na vibanda vinavyojali huyaloweka usiku. Wasioloweka hukimbilia magadi. Magadi yanalainisha ganda upesi lakini yanafanya mchuzi kuwa mweusi na wenye utelezi, na nyuma ya ulimi inabaki ladha ya sabuni. Kosa la upande wa pili ni kutia nyanya mapema: asidi yake inayagomesha maharage, yatachemka hadi jioni na bado yatakuwa na kiini. Chakula bora cha mchana hapa mjini, kwa maoni yetu, ni wali, maharage yaliyolowekwa, mchicha au chainizi isiyopikwa ikafa, na nusu ya parachichi la Rungwe pembeni. Parachichi lijaribu karibu na kikonyo, siyo tumboni. Tumbo limeshabonyezwa na watu ishirini kabla yako.

Ndizi nyama kwa kifupi: nyama iive kwanza peke yake, ndizi ziingie mwishoni. Palipo na haraka huchanganywa pamoja, ndizi zinayeyuka kuwa uji na nyama inabaki ngumu. Ndizi za Tukuyu zikipikwa sawa hazihitaji nazi. Mgahawa unaotia nazi nyingi kwenye ndizi za Tukuyu unaficha kitu.

Jioni ni ya kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, na hapa Mbeya haina haja ya kuomba radhi kwa mji wowote. Mdudu, mbuzi katoliki, mwite utakavyo, anauzwa kwa kilo kwenye baa nyingi kuanzia Mafiati hadi Uyole, na saa nzuri ni kuanzia saa 10 alasiri, nyama ya siku hiyo ikiwa bado inaning'inia. Usiagize ukiwa mezani. Nenda kwenye dirisha la bucha la baa, chagua kipande, angalia mzani ukiwa sifuri kabla haijawekwa nyama. Sema “mbavu nusu, paja nusu”. Mbavu zinaleta mafuta ya kukaangia, paja linaleta mnofu. Ukiacha mkataji achague, utapata shingo na ngozi.

Kilo mbichi yenye mifupa ikishapikwa inabaki gramu 600 na kitu, kwa hiyo usianze ugomvi kwamba umeibiwa. Kwa watu watatu kilo moja na ndizi sita za kuchoma inatosha. Vipande viwe ukubwa wa kiberiti. Vikubwa vinaungua nje kabla ya kuiva ndani, vidogo vinakauka na kuwa vigumu. Kazi ya jikoni inakwenda hivi: nyama inachemshwa kwa maji kidogo na chumvi hadi maji yakauke, kisha inakaangika kwenye mafuta yake yenyewe, geuza geuza hadi kingo ziwe za kahawia. Hapo ndipo unachagua. Rosti inaongezwa kitunguu, hoho, karoti na nyanya. Kavu inaishia na ndimu, kitunguu kibichi na pilipili. Mnaotaka kujua ubora wa nyama chukueni kavu. Rosti ni blanketi, inafunika mengi.

Muda wa kweli ni dakika 45 hadi saa nzima. Ukiletewa baada ya dakika 15, nyama hiyo ilichemshwa tangu asubuhi na imetiwa mafuta upya. Haina ubaya wa kiafya ikiwa imetunzwa vizuri, lakini nyuzi zake zimekauka, utazikuta zinachambuka kama kamba ya katani.

Usalama hapa siyo mambo ya kutishana. Minyoo aina ya tegu wa nguruwe ni tatizo linalojulikana katika mikoa ya Mbeya na Songwe, hasa nguruwe wanapoachwa kuzurura. Kwenye nyama mbichi hujionyesha kama vijifuko vyeupe vyenye maji, ukubwa wa punje ya mchele hadi njegere, vimejipenyeza ndani ya mnofu. Nyama iliyokaguliwa ina muhuri kwenye ngozi. Omba uuone, mwenye nao hukuonyesha bila kununa. Ikishapikwa, pasua kipande kikubwa karibu na mfupa. Wekundu wowote, au maji ya pinki, rudisha jikoni. Na kwa asiyekula nguruwe, swali la kumuuliza mchomaji ni kama wavu na kisu cha mbuzi ni vya peke yake. Mara nyingi sivyo, na sahani ya mbuzi choma kwenye baa ya kitimoto haiwezi kuaminika kwa hilo.

Baridi nayo ni adui wa meza hii. Mafuta ya nguruwe yanaganda upesi, na Julai, jioni, sahani ya kilo nzima inakuwa na utando mweupe kabla hamjafika nusu. Dawa ni kuagiza nusu kilo ije, nyingine ibaki kwenye kikaango hadi muiite. Baa chache huleta kijiko kidogo cha mkaa mezani, yaani jiko lenyewe dogo la udongo, na sahani ya bati juu yake. Hizo tunazipa alama ya juu hata kama choo chao hakina balbu.

Samaki wasitupotezee muda. Ziwa Nyasa liko zaidi ya kilomita 100 kwa barabara, kupitia Tukuyu na Kyela, na mbasa mzuri anafika Mbeya siku fulani tu. Uliza ameingia lini. Mashavu yawe mekundu, jicho limejaa. Sato wa friji aliyekaangwa hadi akawa mbao anapatikana kila mahali nchini, hakuna sababu ya kumla hapa. Dagaa wa Nyasa wa kukaanga na ugali ni chaguo salama kwa mwenye hamu ya ziwa.

Chipsi za usiku zinategemea viazi vilikolala. Viazi vya Uporoto ni vizuri, ila vikikaa kwenye baridi kali wanga wake unageuka sukari, na chipsi zinakuwa nyeusi kabla ya kuiva. Ukiona sinia lenye chipsi za kahawia iliyokolea mwezi wa 7, mafuta yanaweza kuwa safi kabisa; kosa ni la stoo. Mafuta machafu unayatambua kwa povu lisilotulia na harufu inayowasha koo.

Kahawa ni aibu ya mji. Mbozi, moja ya maeneo makubwa ya arabika nchini, iko jirani tu mkoani Songwe, halafu unaletewa maji ya moto na kopo la kahawa ya kuyeyusha. Kunywa chai ya maziwa yenye tangawizi, majani yake yanatoka Rungwe na hapo hamtadanganyana.

Ukitaka vyote hivi sehemu moja, subiri maonyesho ya wakulima ya Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale, tarehe 1 hadi 8 Agosti. Maonyesho yalipofanyika huko kitaifa mwaka 2022 na 2023, yalivuta watu wengi mno. Kwa ajili ya kula, tarehe 8 yenyewe iache kwa wanaotaka hotuba. Nenda tarehe 3 au 4. Kula kabla ya saa 6. Agosti ni kavu na upepo hauna huruma, kwa hiyo chagua banda ambalo limeipa mgongo njia ya watu na sufuria zake zina mifuniko, la sivyo utakula vumbi na wali. Ndoo ya kunawia iwe na koki, siyo beseni la maji ya pamoja. Mbuzi choma wa siku za msongamano huwekwa kwenye moto wenye ndimi. Mafuta yanadondoka, yanawaka, nyama inakuwa nyeusi nje na mbichi mfupani. Mchomaji mzuri anasogeza makaa pembeni na haoni haya kukuambia saa nzima. Beba pesa taslimu za noti ndogo, maana lipa namba ipo lakini mtandao unaelemewa saa za mchana. Kahawa ya Mbozi iliyochemshwa ipasavyo utaipata kwenye mabanda ya wakulima wenyewe, kikombe kidogo, mara nyingine cha kuonja tu.

Ondoka kabla ya saa 11 jioni. Baada ya hapo daladala za kurudi mjini zinagombewa milangoni. Sweta uwe nayo. Ukipita Mwanjelwa njiani utaona kwenye vibanda vya supu mkaa unapepewa na kongoro za kesho zinaoshwa.